Vidole Gumba Juu ya Mabati

Jumapili baada ya kanisa, Cicily wa huko Nkubu aliketi kwa stuli jikoni akaandikia watoto wake meseji kwa grupu ya familia. Alianza na salamu, halafu ng'ombe, halafu mvua, halafu mazishi ya mzee Riungu na vile kwaya iliimba vibaya. Chini kabisa ndio akaandika: Alhamisi nafanyiwa operesheni ya hili jicho lililobaki. Wanataka mtu wa kunisainia na kunirudisha nyumbani. Nani atakuja?

Chai haikuwa imechemka wakati vidole gumba vitatu viliangukia mabati, vikateleza mpaka kwa ndoo ya maji ya mvua. Cicily akavitoa, akavipangusa na leso. Vilikuwa na joto. Cha Mutuma alikijua na kovu la panga, cha Kagwiria na rangi ya kucha, cha Bundi na vile hakikutulia.

"Wamejibu?" aliuliza Kaari, msichana wa jirani, akikuja kuchukua maziwa.

"Wote."

Kaari akaviangalia. "Hawa hawakufika chini, Mama Mutuma. Siku hizi mtu anasoma laini ya kwanza, anabonyeza alama ya kidole gumba, anaenda. Anza na shida!"

"Nisalimie watoto wangu kama askari wa kanjo anayedai ushuru?"

Jioni vilimsaidia kupukuchua mahindi, pamoja na vile vya zamani alivyoweka kwa debe. Vilikuwa vidole vya bidii. Cicily aliviambia habari ya mazishi yote, mpaka mahindi yakaisha.

Alhamisi Kaari alikuwa na mtihani chuoni. Cicily alifunga vile vitatu kwa leso akaenda hospitali.

"Shosho, umekuja na nani?" aliuliza sista.

"Na watoto."

Sista akafungua leso, akaleta wino. "Mkubwa ni gani?"

"Huyo wa kovu."

Mutuma akasaini.

"Na wa kukurudisha nyumbani?"

Cicily akafunga leso tena. Vidole havina miguu.

Saa kumi alikuwa kwa benchi ya nje, jicho limefungwa bandeji, haoni kitu. Alimwomba sista awaandikie watoto kwa grupu. Alianza na salamu. Sista akaandika yote, mpaka chini.

Mabati ya hospitali yakalia: to, to, to.

"Wamejibu, shosho," sista akasema, akamwekea vidole mapajani, akarudi wodi.

Cicily akapapasa mpaka akapata kile cha kovu. Akakishika vile mtu hushikwa mkono akivushwa barabara, akaendelea kukaa.