Kitabu Alichokiandika Wanu

Bi Tabia alikuwa mwanamke wa kusema, na katika yote aliyoyasema mtaani Mpendae, lililosikika zaidi ni kwamba yeye ni Mtumbatu. Alfajiri, akipika vitumbua vya kuuza, atasema, "Sisi watu wa Tumbatu hatuogopi moto." Akinunua samaki atamwambia mchuuzi, "Usinidanganye mie, kwetu Tumbatu." Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini wanaosema hivyo hawakumjua Bi Tabia. Yake ilikuwa imetimia miaka hamsini na nne, na bado ilikuwa ikienda.

Mtu ambaye angeweza kuikata njia hiyo ni jirani yake, Bi Khamisa, Mtumbatu wa kuzaliwa, muuza pweza mkavu, aliyerudi kisiwani kwao kila Idi na kila msiba. Lakini Khamisa alikuwa shoga yake. Kila Tabia alipoanza "kwetu Tumbatu", Khamisa alitazama pembeni akajikuna sikio. Tabia alidhani anawashwa.

Mwaka wa sitini na nane, wa nne tangu Mapinduzi, skuli ya mtaa ilipata mwalimu mpya kutoka mjini, Mwalimu Shemsa, msichana mwembamba aliyelichukia kabati la vitabu kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na watoto waliovaa makoti ya sufu wakicheza kwenye theluji. Watoto wa Mpendae walikuwa wameisoma hiyo theluji mpaka wameimaliza, ila hakuna kitabu hata kimoja kilichowaambia kwamba baba mchukuzi wa bandarini naye ni mtu wa kuandikwa. Basi mwalimu akaliambia darasa: kila mmoja akaandike kitabu kidogo juu ya mtu wa kwao ambaye hajapata kuandikwa popote. Mvuvi, mkunga, Mngazija muuza kahawa, mtu wa bara aliyekuja kuchuma karafuu, yeyote. Vitabu vitapigwa stensili, vitatiwa picha, vitashonwa kwa uzi, na Jumapili mtaa mzima utaitwa kusikiliza. Ila kulikuwa na sharti. Hakuna kitabu kitakachosomwa na mtu wa nyumba yake. Majirani watachota kwenye pakacha, na kila mtu atasoma kile kilichomwangukia, hata wale wa kisomo cha watu wazima.

"Nataka kila mtu ajisikie alivyo mdomoni mwa jirani yake," alisema.

Wanu, mjukuu wa Bi Tabia, alikuwa na miaka kumi. Mama yake ameolewa Pemba, na yeye akalelewa na bibi. Alhamisi kabla ya hiyo Jumapili alirudi skuli mbio, kanga ya kichwani ikiwa begani.

"Bibi, kitabu changu kishapigwa mashine! Nikusomee?"

Bi Tabia hakujua kusoma. Kisomo alikwenda siku mbili, akasinzia zote mbili. Alijifuta mikono, akakaa kibarazani, na uso wake ulijaa fahari.

Wanu akasoma: "Bibi yake bibi yangu alikuwa akiitwa Faida. Jina hilo alipewa na mtu aliyemnunua. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Alichuma karafuu katika shamba la nyuma ya Bububu, na mikono yake ilinukia karafuu. Alimpenda bibi yangu. Hakuwa Mtumbatu."

Fahari ilimtoka Bi Tabia usoni kama iliyofutwa kwa tambara.

"Sikukwambia usimwambie mtu?"

"Sikumwambia mtu, Bibi. Nimeandika tu."

Utamjibu nini mtoto wa namna hiyo? Na kosa lilikuwa la Bi Tabia mwenyewe. Jioni moja ya masika, wakichagua mchele, Wanu alimuuliza, "Bibi, na wewe bibi yako alikuwa nani?" Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na moyo wake ulilifungulia mlango kabla hajaweza kuuzuia. Akamhadithia yote: jinsi mama yake alivyomchukua kutoka shamba akiwa na miaka minne, akamshika mkono wakaja mjini kwa miguu, na katikati ya njia akamwambia, "Kuanzia leo sisi watu wa Tumbatu." Bibi alibaki shamba. Mama hakurudi tena kule. Alichelea watu wasije wakajua alikotoka. Bi Tabia hakumbuki sura ya bibi yake, anakumbuka kiganja tu.

Usiku ule wa Alhamisi hakulala vizuri. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba hakuna tena bwana wala mtumwa, na yeye alikuwako mkutanoni siku ilipotangaza, akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Lakini serikali haiji kuposa. Wanaokuja kuposa ni watu, na watu huuliza: huyu ni wa nani? Miaka saba, minane, Wanu atakuwa mwari. Bi Tabia aliogopa, na kila alivyogeuka kitandani hofu iligeuka naye.

Jumamosi asubuhi akavaa buibui akaenda skuli. Alimkuta Mwalimu Shemsa peke yake, wino umemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba. Kitabu cha Wanu kitoe."

Mwalimu alifunika kopo la wino. "Ziko nakala arubaini. Kitabu ni chenu. Ukisema nizitie motoni, nnazitia sasa hivi."

"Zitie."

"Haya. Lakini kesho Wanu ataniuliza mbona chake hakimo. Nimjibu nini? Nimwambie Bi Faida ni aibu? Alifanya nini, Bi Tabia? Aliiba?"

"Aliibiwa yeye!" Bi Tabia alipaza sauti mpaka akajishtua mwenyewe. Akajifunika mdomo kwa ncha ya buibui. Wakakaa hivyo, mmoja ana wino, mwengine ana machozi asiyotaka yatoke.

"Usichome kitu kwanza," Bi Tabia akasema mwishowe. "Nitamwambia mtoto mwenyewe, kisha ntakuletea habari."

Alifika nyumbani akamkuta Wanu ameanika sare yake, anaikunjua pindo kwa vidole isije ikakauka na makunyanzi, huku anaimba. Bi Tabia alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akasema, "Umekula?" Mara ya pili akasema, "Jua kali leo." Mara ya tatu hakusema kitu. Ulimi uliosema uongo miaka hamsini na nne, siku ile ulikataa kumwambia mtoto kwamba ukweli ni kitu kibaya. Jua likachwa, na habari hazikupelekwa.

Jumapili skuli ilijaa. Mzee Pandu, fundi makuti, alikuwa ameezeka kibanda kipana uwanjani bila ya kudai malipo. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Vitabu vimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio, vya mchukuzi, vya mkunga, vya mama muuza kuni, na watu walikuwa wakipita wakivishika kwa ncha za vidole. Mngazija muuza kahawa alipochota kitabu cha mkunga na kukisoma, wanawake walipiga vigelegele. Msabah, fundi baiskeli, alisoma kitabu cha huyo Mngazija kwa sauti ya khatibu, na mwenye kahawa akalia mbele ya wateja wake wote. Watu walifurahi kweli kweli. Ni Bi Tabia tu aliyekaa karibu na njia ya kutokea, viatu vyake kavishika mkononi.

"Bi Khamisa!" aliita Mwalimu Shemsa.

"Naam!"

Khamisa alikuwa na mwezi wa tano katika kisomo. Akatia mkono katika pakacha, akatoa kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. Bi Tabia aliujua ule mchoro wa jalada hata kwa mbali. Mkono wenye karafuu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, wala hapakuwa na pa kushika.

Khamisa alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Bibi... yake... bibi yangu... alikuwa... akiitwa... Faida." Kila neno Bi Tabia alilisubiri na kila neno lilifika. Aliyemnunua. Bububu. Mikono. Alimpenda bibi yangu. Kisha kidole kikasimama. Khamisa aliutazama mstari wa mwisho, akamtazama Tabia, akaurudia mstari kwa macho. Angeweza kuuruka. Nani angejua?

"Hakuwa Mtumbatu," akasoma.

Nyuma mtu alicheka puani. Mwanamke mmoja akasema, "Ala! Kumbe!" Wanu, aliyekaa mbele, akageuka kumtafuta bibi yake, na uso wake ulionyesha kwamba sasa tu ameelewa alichokifanya.

Khamisa alikifunga kitabu. "Anayetaka kucheka, jua liko nje, akacheke nalo," alisema. "Maiti ametajwa hapa na hakuna hata mmoja aliyemwombea. Mmelelewa wapi nyie? Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Faida."

"Amin!" wakaitika watu, wakubwa kwa wadogo, na aliyecheka naye akaitika, maana dua ya maiti haikataliwi.

Bi Tabia alikuwa amehudhuria khitma zisizo na idadi. Kila zilipoulizwa roho za kurehemewa, watu walitaja wazee wao, na yeye akataja mama yake na mumewe, basi. Amin ile ilikuwa ya kwanza kwa bibi yake. Alilia palepale, na hakujifunika.

Wanu alikuja mbio akamwangukia mapajani. "Bibi, n'samehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Umesema kweli."

Khamisa naye akaja akajibwaga mkekani, jasho linamtoka kuliko siku ya kutwanga.

"Ulikuwa unajua?" Tabia akamuuliza.

"Tangu mwaka wa kwanza. Shoga, miaka thalathini hujapata kwenda Tumbatu kwenye maziko hata ya mtu mmoja. Mtu gani huyo ana kwao asikokuwa na wafu?"

"Mbona hukusema?"

"Nseme nini? Ulikuwa unapapenda. Na Tumbatu hatukupungukiwa kitu."

Walikuwa wanacheka na kulia pamoja, Mzee Pandu alipofika mbele yao, kofia ameivua na kuikunja mkononi. Alikuwa mtu wa miaka karibu sabini, na nyumba ya Bi Tabia ameiezeka mara tatu.

"Bi Tabia," alisema, "Faida huyo ni wa lile shamba la kisima cha mawe? Mwenye kovu juu ya nyusi?"

"Kovu silijui. Nilikuwa mdogo."

"Mie nilikuwa kijana. Nimezaliwa palepale. Alipokufa nilibeba jeneza, nafasi ya nyuma, kushoto. Tulikuwa watu sita." Akasita, akatazama chini. "Miaka miwili yote kabla ya kufa alikuwa akikaa kando ya njia. Kila atokaye mjini akimuuliza: hukumwona mtoto mmoja, jina lake Tabia?"

Bi Tabia aliviweka viatu chini, akaingiza mguu mmoja.

"Nami jina lako nimelisikia juu ya paa lako miaka yote hii," Mzee Pandu akaendelea. "Nikajiuliza. Lakini wewe ulikuwa ukisema Mtumbatu, nami nikajisemea, basi siye huyu. Kaburi lake nnalijua. Nikupeleke Ijumaa?"

Bi Tabia alikuwa keshavaa viatu. "Ijumaa mbali," alisema.

Walipanda gari la shamba wote wanne, yeye, Wanu, Khamisa na Mzee Pandu, wakashuka Bububu, wakaingia ndani kwa miguu. Lile shamba kubwa sasa limekatwa eka tatu tatu, serikali ikawagawia wakulima, na mwenye eka ile alikuwa amepanda muhogo pande zote, ila pale katikati amepaacha. Yalikuwapo mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni, na nyasi fupi.

Mzee Pandu alisoma Fatiha, wakaitika. Kisha akasogea kando. Bi Tabia alichutama, akaweka kiganja juu ya udongo, akatafuta la kusema, yeye ambaye hajapata kukosa la kusema maishani mwake.

"Shikamoo, Bibi," akasema. "Ni mimi Tabia. Nimechelewa."

Upepo haukuvuma, muhogo haukutikisika, na maiti hawajibu. Khamisa alipoona kimya kinamwelemea shoga yake, alikohoa, akaitika badala ya mwenyewe, kwa sauti ya bibi kizee:

"Marahaba, mwanangu. Na huyu uliyekuja naye ni nani?"

Bi Tabia akamvuta Wanu mkono, akamsogeza mbele.