Choo cha Gihosha

...laki mbili, mama, punguza laki mbili, siyo kwamba mi ni mugumu, ni hiki choo, na Candide, kasimama mlangoni na funguo zake, akacheka cheko la mtu anayeumwa jino, “Laki mbili ya choo? We Ilyasi, unanunua nyumba ao unanunua pa kukaa?” na damu ikampanda, maana Ilyasi hakusoma shule ya mtu, kasomea uvunguni mwa magari pale Buyenzi, gari lililonyooshwa bodi analijua kwa kuligonga, na nyumba hii kaigonga kuta zote, kapanda darini, kafungua kila bomba, anautafuta uongo wake na haupati, mabati mazima, saruji haitoi unga, nyumba kama hii kwa milioni mbili, nani anauza hivyo, siku hizi watu wanauza wakikimbia lakini huyu hakimbii, katia rangi mpya kucha zake, na avansi, malipo ya mwanzo, laki tatu kashamkabidhi tangu Jumatatu, mkono kwa mkono, kwa sababu Khadidja na watoto wanalala gereji kati ya matairi tangu nyumba ya kupanga iungue, kila usiku risasi zikilia anawafunika kwa turubai, turubai, kama vile wakimbizi... “Fundi alikuwa mulevi,” anasema Candide, haraka mno, “baba yangu marehemu alijenga hapa tofali kwa tofali, akafundisha katekisimu pale sebuleni, hajalala mutu mwingine humu,” mlevi, sawa, bakuli la choo limekaa upande, limeangalia pembe, ukikaa goti linagonga ukuta, lakini mlevi gani huyu, vigae vimekatwa kufuata ule mshazari, kimoja kimoja, wembe haupiti, hii ni kazi ya mtu mwenye akili zake, tena aliyesimamiwa na mwenye nyumba anayegomba, geuza, geuza tena, na kwa nini mtu amlipe fundi ampindie choo... dirishani ziwa, ng’ambo milima ya Kongo, bakuli linaangalia ziwa, lingekaa sawa na ukuta lingeupa mgongo upande wa kaskazini, na Ilyasi akageuka kule, mwili wenyewe ukageuka, kama unavyogeuka mara tano kwa siku, ya Rabi, kibla, mwenye nyumba hakutaka kukielekea wala kukipa mgongo akiwa chooni, na lile bomba la uani lililo chini, usawa wa goti, na jiwe mbele yake, alidhani la kufulia, jiwe lililolainika kwa miguu ya watu wakitawadha, katekisimu gani basi, mama, uongo hauko ukutani, uko kinywani mwako, na mwenyewe yuko wapi, Kigoma, Uvira, chini ya turubai na mke wake, ao chini ya udongo... na nikinyamaza? Khadidja atapika jikoni mle, watoto watalala kitandani, nami nitasali nikiuelekea ukuta aliouelekea yeye, nitamwambia nini Mungu, kwamba bei ilikuwa nzuri? “Papa, njia zinafungwa saa kumi na mbili, unachukua ao unaacha?” na Candide akitikisa funguo, “Haya basi, laki mbili natoa. Umefurahi?” natoa, hivihivi, kitu cha baba hakitolewi hivyo, na bado wamesimama palepale, yeye mlangoni, Ilyasi kaegemea bakuli, na mkono wake, ule aliomkabidhia pesa Jumatatu, kaunyoosha mbele yake, umefunguka.

“Avansi yangu, mama. Laki tatu. Weka hapa.”