Sufuria ya Ejo

Théoneste huyeyusha alumini chakavu pale Mahoko, Rwanda, na kumimina sufuria mpya. Nilimwachia sufuria ya marehemu mama airudishie mshikio tu. Siku iliyofuata nikampigia simu: "Théo, ya kuyeyusha ni ya ejo." Nilimaanisha gunia la vyombo vibovu lililokuwa bado kwangu.

Nimekulia Goma, Kiswahili nakisema kutwa, na siku hiyo ndiyo Kinyarwanda kikaniponyoka! Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Mimi nilisema kesho, yeye akasikia jana.

Nilipofika na gunia langu, sufuria mpya zilikuwa zinapoa mchangani.

"Ya mama iko wapi?"

"Si ulisema ya ejo, dada? Niliiyeyusha pamoja na vyombo vingine vibovu."

Nilimtukana mpaka majirani wakatoka nje. Alipoona nimechoka, akasema taratibu, "Iko ndani ya zote. We chagua."

Mama alikuwa akiigonga yake kwa mwiko kutuita tule. Nikachukua mwiko, nikazigonga zile mpya moja moja. Zote zililia vizuri. Hakuna iliyoniita.