Bhoke Hafuti Kitu

Bhoke alikuwa na miaka thelathini na minne, na maelezo ya kazi alizowahi kufanya yalijaza kurasa tatu. Siku ya usaili mjini Musoma, meneja wa kampuni ya programu za kompyuta, Stanislausi, alizifunua zote akazirudisha mezani.

"Dada Bhoke, humu kuna redio, kuna pampu za maji, kuna ramani, kuna programu za benki. Wewe hasa ni nani?"

"Mhandisi wa programu. Mwaka wa kumi sasa."

"Basi futa hayo mengine. Yanatutia wasiwasi."

"Sifuti," alisema Bhoke. "Redio nilikuwaga nazifungua kwa baba, Butiama, kabla sijaona kompyuta. Kutengeneza pampu kulinilipia ada. Ukiyatoa hayo, atakayebaki si mimi."

Stanislausi hakukasirika. Alimweleza tu shida iliyowafanya watafute mtu. Kampuni ilikuwa imetengeneza programu ya kupokea uzito wa pamba kutoka kwenye mizani ya umeme kule Bunda, na kwa wiki tatu namba zilikuwa zinarukaruka. Gunia lilelile lilisoma kilo sitini na moja, kisha hamsini na tatu. Wakulima waligoma. Vijana wake walishaiandika programu upya mara mbili.

"Kuna aliyeenda kuiona hiyo mizani?"

"Sisi ni watu wa programu, dada."

Bhoke akakusanya karatasi zake. Kazi hakupewa. Kesho yake alipanda basi la Bunda kwa nauli yake mwenyewe, akaione hiyo mizani.

Kwenye ghala la pamba lenye ile mizani alimkuta mwenyekiti wa wakulima, Mzee Magesa, amesimama mlangoni. Alisema hakuna mtu wa kampuni atakayegusa kitu pale.

"Sijatumwa na kampuni, baba. Jana wamenikataa."

Mzee alimtazama, kisha akampisha.

Bhoke aliweka gunia kwenye mizani, akatulia. Nyuma ya ukuta fundi alikuwa anachomelea geti, na kila mashine yake ilipounguruma, namba nazo ziliruka. Aliufuata waya wa mizani mpaka nje. Waya mwingine, ule unaopaswa kuingia ardhini kupeleka umeme wa ziada, ulikuwa umekatika, mtu akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akauunganisha upya, akamwomba fundi aendelee na kazi yake. Namba ikasimama: sitini na moja. Wakapima tena na tena, sitini na moja.

"Na haya magunia yaliyopimwa vibaya?" aliuliza Mzee Magesa.

"Yapimwe upya yote, nyie mkiwa mmesimama hapahapa mnaangalia. Mtu akikataa, nipigieni."

Jioni Stanislausi alimpigia simu. Habari zilikuwa zimemfikia. Nafasi ipo, alisema, ila zile kurasa azipunguze, wakubwa wake wasije wakashangaa.

"Wapelekee zilivyo," alisema Bhoke. "La sivyo usinipigie tena."

Wiki nzima simu ilikaa kimya. Bhoke hakumtafuta. Wakulima walimwomba akague mizani ya vituo vyao vyote hadi Kisorya, akakubali, akaanza na kile cha mbali.

Siku ya nane barua ya ajira ikaingia kwenye simu yake, haina sharti lolote. Aliisoma amepiga magoti nyuma ya kituo cha Kisorya, mikono imejaa udongo, akawajibu kwamba amebakiza mizani sita. Kama wanamtaka, wamsubiri.