Chini ya Mkia wa Chonge

Ferdinandi aliinua mkia wa Chonge kwa mara ya tatu siku ile, akakunja uso. Ngozi kuzunguka uke wa mbwa yule ilikuwa imevimba, nyekundu, manyoya yamekatika, maji yanachuruzika. Maskini hakutulia: mara ajilambe, mara ajiburure matako mchangani, mara ajilambe tena. Na mtama wa Ferdinandi, pale nje ya Bagamoyo, ulibakiza siku kumi uvunwe. Bila Chonge nguruwe mwitu wangeumaliza wote, na mkewe, mwanawe Kasian na wadogo zake wangekula nini? Hilo ndilo lililomnyima raha.

"Labda yuko kwenye joto," alisema mkewe, Tekla.

"Joto gani linababua ngozi? Huyu kamwagiwa kitu. Na aliyemmwagia namjua."

Aliyemshuku ni Sada, jirani yao mjane, Mwislamu ambaye akikutana na mbwa njiani hukusanya nguo zake asiguswe. Ferdinandi alikuwa mtu wa bara, aliletwa pwani mtumwa, akakombolewa na mapadri, na tangu hapo hakuamini cheko la mtu. Ushahidi hakuwa nao hata wa dawa, lakini mwenye kushuku haombi ushahidi. Akaacha kumwitikia salamu.

Siku ya nne, alasiri, akajibanza nyuma ya ua wa makuti. Na kweli! Sada alitoka jikoni na kichwa cha samaki, akaita kwa sauti ya chini, Chonge akamwendea mbio kama aliyezoea. Mwanamke akachovya kitambaa kwenye kibakuli cha udongo, akampaka chini ya mkia, mbwa akimlamba mkono. Kisha akajisugua mkono kwa mchanga, akauosha, akauosha tena na tena. Ferdinandi alihesabu hadi saba. Asiye na hatia huosha mkono mara saba? Sumu hiyo!

Akavamia na fimbo, akakipiga kibakuli kikapasuka.

"Mafuta ya nazi na manjano hayo, baba Kasian," Sada alisema kwa hasira. "Nusa! Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Akinilamba, sharti nioshe mara saba, mojawapo kwa mchanga. Siku ya tatu leo nayafanya hayo kwa ajili ya mbwa wako."

"Basi nani kambabua?"

"Wewe. Miti ya ghala lako umeipaka mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa. Yamedondoka chini, na papo hapo ndipo anapokaa. Huku pwani hata mtoto anajua kwamba yanaunguza. Hebu tazama vidole vyako."

Vidole vyake vilikuwa vinabanduka ngozi. Siku zote hizo alidhani ni mpini wa jembe.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie vipi, na salamu yangu huitikii?"

Ferdinandi aliona aibu, hakujua aweke wapi uso. Jua lilikuwa linateremka, saa ya nguruwe imefika. Akamwita Chonge waende shambani. Mbwa aliitazama ile fimbo, akajikunyata nyuma ya Sada, akamngurumia bwana wake.

Akaitupa fimbo. Akaita tena kwa upole, akapiga magoti, akambembeleza. Wapi!

Huko shambani, mabua ya mtama yakaanza kuvunjika.