Mbuzi Mmoja wa Serikali

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, Muthoka alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akicheka peke yake.

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo mjini Machakos. Mwenye ofisi, Mutindi Wathome, ni wakala wa kodi. Muthoka ana bucha karibu na soko. Ni mteja wake na pia mchumba wake. Desemba iliyotangulia alipeleka ntheo kwao Kathiani, wale mbuzi watatu ambao bila wao, kwa Wakamba, mwanamke hajaolewa hata kwaya ikiimba mpaka jioni. Harusi ya kanisani ilikuwa imepangwa Agosti.

Siku ya mwisho ya kufaili ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka 2024 ilikuwa Jumatatu. Kazi ilionekana nyepesi. Mapema, kwa ushauri wa Mutindi, Muthoka alikuwa ameandika barua kujitoa kwenye kodi ya mauzo, ile inayokata asilimia tatu ya kila kinachoingia, faida iwepo isiwepo. Bucha huuza sana na kubakiza kidogo. Ni afadhali itozwe kwa faida. Na faida ni mauzo ukitoa gharama za biashara: pango la kibanda, stima ya friji, ada ya mkaguzi wa nyama, bei ya mifugo.

Mutindi alizisoma gharama kwa sauti, moja baada ya nyingine. Alipofika Desemba alisimama.

“Mbuzi watatu, elfu ishirini na saba. Hawa waliuzwa lini?”

“Hawakuuzwa.”

“Walikufa?”

“Wako kwenu.”

Lavender, karani wa ofisi, aliacha kuchapa.

“Muthoka. Umeandika ntheo yangu kama gharama ya bucha?”

“Sikiza kwanza,” alisema Muthoka, akifuta machozi ya kicheko. “Wewe ndio ulinifundisha. Gharama ni kile umetumia kutafuta mapato. Kabla nikujue nilikuwa nachelewa kufaili kila mwaka, napigwa faini elfu mbili. Tangu nikujue, hakuna faini. Kwa hivyo wewe umeongeza mapato. Na wewe nilikupata kwa mbuzi.”

“Kwa hesabu hiyo mimi ni kama friji yako.”

“Friji haijibu hivi.”

Lavender aliinama nyuma ya kompyuta, mabega yakamtikisika. Mutindi mwenyewe alikuwa ameuma kalamu, lakini sauti yake haikubadilika. “Gharama inatolewa ikiwa imetumika kwa biashara peke yake. Chakula cha nyumbani, karo, suti, kuoa: hizo ni zako binafsi.”

“Na nani atapanda Kathiani kuuliza mbuzi?”

Mutindi alivuta kikokotoo. Faida ya bucha ilikuwa imepita laki tatu na elfu themanini na nane, mahali ambapo kila shilingi ya ziada hutozwa senti thelathini. Ukiondoa elfu ishirini na saba kwenye faida, kodi inapungua kwa elfu nane na mia moja.

“Mbuzi mmoja ulinunua pesa ngapi?”

“Elfu tisa.”

“Basi serikali imekurudishia elfu nane na mia moja. Hiyo ni mbuzi mmoja kasoro sehemu ya kumi. Wewe ni mchinjaji, niambie. Sehemu ya kumi ya mbuzi ni nini?”

Muthoka alifikiri kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi yake. “Kichwa. Kama si mkubwa sana.”

“Kwa hivyo ulileta kwetu mbuzi wawili na kichwa. Mwenye kuleta wa tatu ni serikali.”

Hapo Lavender alishindwa kabisa, akaenda kusimama dirishani. Muthoka naye alikuwa akicheka, mpaka alipoona Mutindi anapiga simu na kuiweka mezani, sauti ikiwa juu.

“Nau,” Mutindi alimwambia babake, “ntheo ikija mbuzi wawili na kichwa, nimeolewa?”

Mzee Wathome alikuwa uani. Kuku walisikika. “Wawili hapana. Ni watatu. Kwani ni nani ameuliza?”

Alimweleza yote, hesabu na kichwa vikiwemo. Nyuma ya mzee, mamake Mutindi, Munyiva, alisikika akisema kwamba siku hiyo alipikia watu sitini, na kama haikuwa ntheo basi ilikuwa nini, semina?

“Muthoka yuko hapo?” mzee aliuliza.

“Niko, mzee.”

“Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Sasa nataka kujua, hao watoto ni wa serikali?”

Muthoka alivuta kiti karibu na simu.

“Mimi sina shida na serikali,” mzee aliendelea. “Lakini siwezi kuipa msichana wangu, na haijawahi kuja hapa kujitambulisha. Kama hao mbuzi ni wa bucha, bucha ije kuoa. Kama ni wako, waondoe huko. Bila hivyo Agosti hakuna harusi, tutakula keki tu.”

Kicheko kiliisha chumbani. Muthoka alimtazama Mutindi. Mutindi hakuwa akitabasamu, alikuwa ameweka kidole kwenye kibodi, akingoja.

“Naweza kuacha mmoja tu?” Muthoka aliuliza kwa sauti ya chini.

“Yupi?”

Alifikiri. “Toa wote.”

Mutindi aliwatoa. Kodi ikapanda. Kwa kuwa salio la mwaka lilitakiwa mwisho wa Aprili, aliongeza adhabu na riba ya kuchelewa. Nyongeza zote kwa pamoja bado hazikufika bei ya mbuzi mmoja. Muthoka alilipa kwa simu hapohapo, kwa furaha ya mtu anayesaini cheti cha ndoa.

“Mzee,” alisema, “sasa wote watatu ni wangu.”

“Walikuwa wako. Sasa ni wangu.”

Munyiva alipiga kigelegele. Lavender alikijibu kutoka dirishani, na watu wawili waliokuwa chini dukani waliinua vichwa.

Saa tano na dakika ishirini ritani ilikubaliwa, risiti ikatoka. Muthoka aliomba nakala mbili. Moja aliipeleka Kathiani Jumapili baada ya ibada. Mzee Wathome aliisoma mara mbili, akaenda bandani, akarudi na kutangaza kwamba amehesabu na wako watatu, bila kuwahesabu mapacha.