Vinyweleo vya Mshambuliaji

Fundi friji alinunua mashine mpya ya gemu kwa sababu moja tu: kumrudisha dada yake. Tangu utotoni walicheza mpira wa kwenye televisheni kila Jumapili, dada akimtukana refa mpaka majirani wanacheka. Sasa dada ni mkunga mzima, na tangu ndoa yake ivunjike alikuja mara chache, kisha akakata mguu kabisa. Fundi akajiaminisha kwamba picha za ile mashine ya zamani zimemchosha.

Akambembeleza, akaja, akajitupa kwenye kochi.

"Haya, tofauti iko wapi?"

"Dada, cheki nyasi! Kila jani na kivuli chake. Ngoja nimvute karibu huyu mshambuliaji. Unaona vinyweleo vya mkononi?"

Mkunga akakodoa macho. "Mdogo wangu, mashine ya kwanza wachezaji walikuwa maboksi yanayokimbia. Ya pili wakapata pua, tukapiga vigelegele. Ya tatu wakapata vidole. Hii umeniitia vinyweleo, na nikiwa hapa hata sivioni."

Fundi akanywea. Yeye mwenyewe alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Wakaanza kucheza hivyo hivyo. Haukupita muda, kipa wa fundi akauacha mpira upite mchana kweupe, nao ulikuwa unajikokota. Dada akaweka pedi ya kuchezea chini.

"Ona sasa. Hiki ndicho kilichonifukuza. Tangu niachike unaniachia magoli. Kazini wananionea huruma, mama ananionea huruma, na wewe tena?"

Masikio ya fundi yakapata moto. Miezi yote hiyo alidhani anaficha vizuri. Alimpenda sana dada yake, na hakutaka kumwona akishindwa tena, hata kwenye gemu.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Cheza!"

Akacheza. Akamfunga la kwanza, akamfunga la pili kwa kisigino. La tatu akampeleka mfungaji mbele ya kamera akatingishe kiuno, vinyweleo na vyote. Dada akaruka kutoka kwenye kochi. Akamtukana mfungaji, akamtukana refa, akamtukana na aliyebuni mashine. Upande wa pili wa ukuta majirani wakaanza kucheka.

"Jumapili ijayo utalia wewe!" akafoka, na kabla fundi hajajibu, tayari alishabonyeza mechi nyingine.